Kutaja Jina Si Kupewa Ruhusa

Hoja kwamba msanii akichukua sekunde saba tu za wimbo wa mwenzake, tena akamtaja kwa heshima, hajavunja sheria, inachanganya mambo mawili ambayo sheria imeyatenganisha. Haki ya kimaadili, yaani haki ya mtunzi kutambuliwa na kazi yake kutopotoshwa, ndiyo ambayo sehemu yake ya kutambuliwa hutimizwa kwa kumtaja. Haki ya kiuchumi, yaani mamlaka ya kuamua nani anakili kazi, aigeuze au airushe hewani, hubaki pale pale. Na hizo sekunde saba, ambazo zimerudiwarudiwa studioni hadi zikafanana na kifungu, hazimo katika Sheria ya Hakimiliki ya Tanzania ya mwaka 1999 wala ya Kenya ya mwaka 2001. Kunukuu kwa ajili ya uhakiki kunaruhusiwa kwa kiasi, lakini biti ya kuchezea si uhakiki.

Mtayarishaji anayekata kipande cha fidla katika santuri ya zamani ya taarabu, akakizungusha juu ya ngoma za kompyuta, amegusa haki za pande mbili: mtunzi wa lahani, na mwenye rekodi, ambaye aghalabu ni kampuni iliyogharimia studio. Akimwajiri mpiga fidla aipige lahani hiyo upya, ameepukana na wa pili tu; wa kwanza, hata akiwa kaburini, ana warithi wanaolindwa miaka 50 baada ya kifo chake. Kilicho huru ni wazo: kisa cha mapenzi yaliyokataliwa na wazazi hakina mwenyewe.