Mwenye Jukwaa Ndiye Mlinzi wa Kwanza

Desemba 2020, baada ya gazeti la The New York Times kufichua kuwa video za watoto waliobakwa zilikuwa zikionyeshwa Pornhub, kampuni za Visa na Mastercard zilisitisha huduma za malipo katika tovuti hiyo. Siku chache baadaye, mamilioni ya video za watumiaji wasiothibitishwa utambulisho ziliondolewa. Ilidhihirika kwamba uwezo wa kudhibiti ulikuwapo. Kilichokosekana ni utashi.

Teknolojia ya PhotoDNA, inayozitambua picha za unyanyasaji zilizokwisha kubainika, ilibuniwa mwaka 2009. Hivyo, wingi wa video si utetezi. Anayevuna faida video inapotazamwa ndiye anayewajibika kuthibitisha umri na ridhaa ya kila anayeonekana kabla haijawekwa hadharani, si kungoja mtoto alalamike.

Kwa mtoto, kila inapotazamwa kidonda hutoneshwa. Ni vigumu apone ilhali picha yake ingali inazunguka. Mhudumu wa afya anayempokea asimlaumu wala asiisambaze picha hiyo, hata kwa nia njema. Nchini Tanzania, atoe taarifa Dawati la Jinsia na Watoto la polisi, au apige simu namba 116.