Bunge Nalo Litoe Hesabu

Ibara ya 63 ya Katiba yetu yalipa Bunge kazi ya kuisimamia Serikali kwa niaba yetu. Sisi wa Majengo twakaa karibu na Bunge hilo kuliko wananchi wengi. Magari ya waheshimiwa twayaona yakipita, na mboga zao hununuliwa sokoni kwetu. Lakini kimya chao cha mwaka 2020 hakijapata jawabu mpaka leo.

Korona iliingia nchini Machi 2020. Bungeni viti vikatenganishwa, idadi ya wanaoingia ukumbini ikapunguzwa. Hatua njema kabisa. Huku sokoni watu waliendelea kubanana. Wala hatulaumu masoko kuachwa wazi: mwuza mchicha asipouza leo, watoto wake hawali leo. Tunalolaumu ni jingine. Mwanzoni mwa Mei 2020 hesabu ya nchi ilisimama kwenye wagonjwa 509 na vifo 21, isisogee kwa zaidi ya mwaka. Mwuguzi, utingo wa basi, mama anayemwuguza mumewe, wote wakaachwa kukisia.

Ilikuwa kazi ya nani kuuliza? Tangu 20 Aprili hadi 1 Mei 2020 wabunge walifiwa na wenzao watatu, Rwakatare, Ndassa na Mahiga. Hatusemi waliuawa na korona, maana haikutangazwa hivyo. Lakini msiba uliobisha hodi mara tatu ulitosha kumwamsha mtu. Freeman Mbowe alipowataka wabunge wa CHADEMA wajitenge, Spika Job Ndugai aliwaamuru warudi ama warejeshe posho. Kwa posho sauti ilipatikana! Kwa hesabu ya wagonjwa ikapotea, ila kwa wachache mno.

Mabadiliko hayakutoka Bungeni. Yalitoka kwa Rais Samia Suluhu Hassan, aliyeunda kamati ya wataalamu. Nayo Mei 2021 ikashauri takwimu zitangazwe. Chanjo ikaanza 28 Julai. Mwezi uliofuata Bunge likamfungia mikutano miwili Mbunge wa Kawe, Josephat Gwajima, aliyekuwa akiipinga chanjo hiyo. Basi kuadhibu lajua. Lenyewe nani amelihoji?

Wako watakaosema hayo yamepita. Januari 2025 homa ya Marburg ilipozuka Biharamulo, Wizara ilikanusha kwanza, na siku chache baadaye Rais akathibitisha. Desturi ya kuficha haijafa.

Twataka kanuni ya Bunge iseme wazi: ugonjwa wa mlipuko ukiwapo, Waziri asome hesabu ya wagonjwa na vifo ukumbini kila juma. Nawe mwananchi, aliyekuwa mbunge wako wakati ule akija kuomba kura, mwulize alisema nini tangu Mei 2020 hadi Machi 2021. Usikubali akujibu kwa habari za barabara. Taarifa rasmi za mijadala ya Bunge zipo, na aliyenyamaza hataonekana humo.