Fedha Si Karatasi Tu: Somo la Zloti ya Poland

Ndugu wananchi, wako watu wasemao kwamba fedha ni karatasi tu, na kwamba mwenye njaa haulizi noti imechapwa na nani maadamu inanunua unga. Serikali ya Tanzania ilipokataza mwaka 2025 bei za humu nchini kutozwa kwa fedha za kigeni, watu wa namna hii walinung'unika. Sisi tunawajibu, na ushahidi wetu tunauleta kutoka Poland, nchi ya Wazungu iliyotawaliwa na Wazungu wenzao, ili asiwepo wa kusema kwamba tunasemea rangi.

Fedha ya Poland huitwa zloti, maana yake "ya dhahabu". Zamani lilikuwa jina la sarafu za dhahabu. Baadaye likawa jina la hesabu ya nchi, zloti moja kwa groshi 30. Lakini wakubwa wa nchi ile waligombana wao kwa wao, na majirani watatu, Urusi, Prussia na Austria, wakaikata vipande mwaka 1772, 1793 na 1795. Poland ikafutwa katika ramani.

Sasa tazameni. Mwaka 1794, katikati ya vita vya kujiokoa, wafuasi wa Kościuszko walichapa noti za zloti. Walioasi tena mwaka 1830 na 1831 walipiga sarafu zao wenyewe. Kaisari wa Urusi alipowashinda, alitoa sarafu zenye thamani mbili, rubli na zloti pamoja. Ilipofika mwaka 1841 aliamuru rubli peke yake iwe fedha ya nchi. Mwenyeji kwanza alisogezwa pembeni ya mkeka, kisha akatolewa nje. Kama fedha ni karatasi tu, Kaisari alijisumbulia nini?

Poland ilipata uhuru mwaka 1918. Hapo tunawageukia wenzetu wengine, wale wadhanio kwamba bendera ikipanda kazi imekwisha. Nchi ile ilikuwa na uhuru, lakini mikononi mwa watu zilikuwamo fedha za wale waliokuwa watawala wao, pamoja na marka ya Poland iliyoanzishwa na Wajerumani wakati wa vita. Serikali ikawa na vita vya kulipia na kodi haitoshi, basi ikachapa noti. Mwaka 1923 marka ilianguka vibaya, na mshahara wa mfanyakazi uliyeyuka kabla ya kufika sokoni. Noti hizo zilikuwa za taifa huru, lakini hazikumlisha mtu.

Waziri Mkuu Władysław Grabski hakungoja mkopo wa nje ndipo aanze. Alitoza kodi, wenye mali wakiwamo, akapunguza matumizi, akaanzisha Benki ya Poland ambayo hisa zake zilinunuliwa na wananchi. Mwezi wa Aprili 1924 zloti ilirudi: zloti moja kwa marka 1,800,000. Kazi na kodi ndizo zilizoirudisha.

Maadui hawakulala. Mwaka 1925 Ujerumani iliipiga Poland vita vya forodha, zloti ikatetereka, na Grabski akajiuzulu. Mwaka 1927 ukaja mkopo mkubwa kutoka nje, na pamoja nao Mmarekani, Charles Dewey, aliyekaa katika baraza la benki hadi 1930. Nguo ya kuazima haisitiri maungo. Na mwenye nguo huja kuiangalia.

Wala tusidanganyane kwamba mwizi ni mgeni tu. Mwezi wa Oktoba 1950 serikali ya Poland yenyewe ilibadili noti. Mishahara na bei zilibadilishwa zloti 100 kwa 3, lakini fedha taslimu zilizokuwa mikononi mwa watu zilibadilishwa 100 kwa 1. Aliyeweka akiba yake nyumbani alipoteza theluthi mbili. Bei zilipopanda tena kupita kiasi, Wapoland walijifunga mikanda kuanzia 1990, na mwaka 1995 zloti 10,000 za zamani zikawa zloti moja mpya. Waliingia Umoja wa Ulaya mwaka 2004, na zaidi ya miaka 20 baadaye bado wanahesabu kwa zloti.

Sisi tunayajua haya. Tangu 1919 fedha ya Afrika Mashariki ilisimamiwa na bodi iliyowekwa London, na sarafu zetu zilibeba jina la mfalme asiyetujua. Mwaka 1966 Tanzania, Kenya na Uganda kila moja ilianza kutoa shilingi yake. Hatukuipata shilingi ili mwenye nyumba wa Dar es Salaam amdai mpangaji dola.

Kwa hiyo twasema mambo mawili, na hayatengani. Kwa mwenye duka, mwenye shule na mwenye nyumba: toza kwa shilingi, maana ukiikataa wewe mwenyeji, nani ataipokea? Kwa wale tuliowakabidhi Hazina: msichape msichokifanyia kazi, kusanyeni kodi kwa mkubwa kama kwa mdogo, na msiiguse akiba ya mkulima. Mwananchi akiombwa kuiheshimu shilingi, ana haki ya kudai kwamba wakubwa waiheshimu kwanza.

Uhuru na Kazi!