Swali Lako Halikufungwa kwa Sababu Wewe ni Mkenya

Wasee, leo nitakosana na watu. Kila wiki lazima mtu anitumie picha ya skrini: ameuliza swali kwenye jukwaa la waprogramu, limefungwa, na sasa anasema hao watu wa ng'ambo wana madharau, hawataki sisi tujue. Nakuelewa. Mimi pia nilisema hayo hayo, tena kwa matusi. Lakini mara nyingi shida ni vile tunauliza.

Nilipotoka chuo mwaka wa pili juu ya karo, nilipata kazi ya kumtengenezea mama mmoja wa mitumba tovuti ya kuuza nguo, mteja analipa na M-Pesa. Akanipa elfu nane ya kuanza. Ikaenda kwa kodi ya nyumba siku hiyo hiyo. Siku tatu, malipo yamekataa kabisa. Saa nane usiku nikaandika kwenye jukwaa: "M-Pesa haifanyi kazi kwangu, nisaidieni haraka." Basi. Hakuna programu niliyoandika, hakuna ujumbe wa kosa. Dakika chache tu, limefungwa: maelezo hayatoshi.

Nililala na hasira. Asubuhi nikaamua kuliandika upya, niwaonyeshe. Sasa ilibidi ninakili ule ujumbe wa kosa, na hapo ndipo niliusoma kwa mara ya kwanza. Ulikuwa unalalamika kuhusu anwani ya kupokea majibu. Mimi nilikuwa nimeweka "localhost". Kwa kompyuta, neno hilo maana yake ni "hapa hapa nilipo". Mfumo wa malipo uko huko nje kwa intaneti. Utajuaje laptopu yangu iko chumba gani? Ni kama kupigia mtu wa boda, umwambie "leta mzigo kwangu", halafu ukate simu.

Na swali langu lilikuwa na ugonjwa huo huo. "Haifanyi kazi kwangu." Kwako wapi, buda?

Chukua Stack Overflow, ambayo imekuwapo tangu 2008. Sababu zao za kufunga zimeandikwa wazi: swali lilishaulizwa na kujibiwa, halina maelezo ya kutosha, au limebeba maswali matano ndani ya moja. Na kufungwa si kufutwa. Unalirekebisha, unaomba lifunguliwe tena. Swali lako pale si lako pekee. Kuna mtu Kisumu au Manila atakwama pale pale mwaka ujao, na anafaa alipate likiwa linaeleweka.

Sisemi ubaguzi haupo. Mwaka wa 2018 Stack Overflow wenyewe walikiri hadharani kwamba hawakaribishi watu vizuri, hasa wanaoanza, wanawake na watu wasio wazungu. Kuna watu huko hukufungia bila neno la utu, na hao hawana haki. Lakini ukiita kila kufungwa ubaguzi, wewe ndiye unakosa jibu.

Ukweli unaouma ni kwamba shuleni hatukufunzwa kuuliza. Mwalimu akisema "Mmeelewa?" darasa lote linaitikia "Ndiooo!" Anayeinua mkono anachekwa. Tumefika hapa tukijua kukariri majibu, lakini hatujui kusema vitu vitatu: nimefanya hivi, nilitarajia hivi, nimepata hivi. Weka hivyo vitatu, kata programu yako ibaki ile sehemu ndogo tu inayoonyesha shida, nakili ujumbe wa kosa neno kwa neno. Nusu ya wakati utapata jibu kabla hujamaliza kuandika, kama mimi.

Najua utaniambia, "Si niulize tu akili bandia?" Uliza. Lakini yenyewe haitafunga swali lako bovu. Itakujibu kwa ujasiri kuhusu shida ambayo huna, na utakesha ukirekebisha mahali hapakuwa na makosa. Heri yule wa ng'ambo aliyenifungia. Angalau aliniambia sijasema kitu.

Tovuti nilimaliza, siku nne nimechelewa. Mama alinilipa pesa yangu yote. Lakini dada yake alikuwa anataka tovuti kama hiyo, na hiyo kazi akapewa mtu mwingine. Sikuikosa kwa sababu mimi ni Mkenya ama kwa sababu niliacha chuo. Niliikosa kwa sababu siku tatu nzima sikusoma mstari mmoja uliokuwa mbele ya macho yangu.

Swali lako la mwisho lilifungwa kwa nini? Niambie hapo chini. Na tafadhali, weka ujumbe wa kosa.