Samaki boksi anapendeza sebuleni, lakini msimtishe

Dukani ndiye anayenyooshewa kidole kwanza na watoto. Ni mdogo kama dadu, wa njano kali mwenye madoa meusi, na mdomo uliochongoka kama anataka kubusu. Mzazi analipa, samaki anatumbukizwa kwenye tangi la nyumbani pamoja na wenzake. Kesho yake familia inaweza kuamka na kukuta tangi zima limekufa, naye akiwemo.

Kitaalamu anaitwa Ostracion cubicus. Jina la samaki boksi linatokana na gamba gumu la vibamba vilivyoungana, linalomfunika karibu mwili mzima. Huishi kwenye matumbawe, kuanzia Bahari ya Shamu na pwani ya Afrika Mashariki hadi Pasifiki.

Kwa gamba hilo hawezi kukimbia, hivyo silaha yake ni ute. Akiogopa, ngozi yake hutoa sumu ambayo wanasayansi Boylan na Scheuer waliieleza mwaka 1967 na kuipa jina pahutoksini. Hufanya kazi kama sabuni: hupasua chembe nyekundu za damu, na samaki huidhurika zaidi kupitia matamvua. Si sumu ile ya bunju, ingawa wawili hao ni ndugu. Baharini maji huipunguza nguvu mara moja. Kwenye tangi haina pa kwenda, ndiyo maana humuua hata mwenye nayo.

Kinachomtisha ni mambo ya kawaida kabisa: mtoto anayegonga kioo, samaki wakorofi wanaomdonoa, maji machafu, au umeme unaokatika na pampu kusimama. Akihamishwa, asinaswe kwa wavu wala kutolewa nje ya maji. Atekwe kwa chombo akiwa ndani ya maji. Mwenye kumfuga awe na maji ya chumvi yaliyoandaliwa mapema, pamoja na mkaa maalumu wa kuchujia. Samaki wakianza kuhema juu juu, walio hai wahamishiwe maji hayo haraka, kisha mkaa uwekwe na maji ya tangi yabadilishwe.

Kumgusa si hatari kubwa kwa binadamu, ila mikono inawe kwa sabuni, hasa ya watoto. Kumla ni jambo jingine. Nchini Japani wapo waliokula jamii ya samaki hawa wakapata maumivu makali ya misuli na mkojo mweusi, dalili za misuli kuharibika. Aliyekufa tangini azikwe, asipewe paka.

Halafu kuna suala ambalo muuzaji halitaji. Kadadu hako hukua hadi sentimita 45, na rangi ya njano hufifia. Anahitaji tangi la mamia ya lita, joto la nyuzi 24 hadi 26, na chakula kidogo kidogo mara kadhaa kwa siku, maana mdomo ni mdogo na wenzake humwahi. Kabla ya kumwonesha mtoto, pima kwanza ukuta wa sebule.