Deni Letu kwa Wazee: Mageuzi Hayakuishia Kwenye Sanduku la Kura



Mageuzi ya nchi hii yaliletwa na watu wenye mvi. Tunalisema hili mapema ili kijana anayedhani kwamba historia ilianza naye atulie na asikilize. Mwezi Agosti 1991, jukwaa la FORD lilipotangazwa mbele ya utawala uliozoea kutisha, kiongozi wake mkuu alikuwa Jaramogi Oginga Odinga, mzee wa miaka 80 hivi. Ubavuni mwake alikuwapo Masinde Muliro, mzaliwa wa Matili, hapa hapa Kimilili, ambaye naye alikuwa akikaribia miaka 70. Desemba ya mwaka huo kifungu cha 2A kilifutwa katika Katiba. Agosti 1992 Muliro alifariki katika uwanja wa ndege wa Nairobi akitoka London, miezi minne tu kabla ya uchaguzi wa vyama vingi alioupigania.

Wala tusiwasahau akina mama. Mapema mwaka 1992 mama wa wafungwa wa kisiasa, wengine wao bibi vizee, walikaa Uhuru Park wakigoma kula, wakidai watoto wao. Polisi walipowavamia kwa marungu na mabomu ya machozi, baadhi yao walivua nguo, laana ambayo kila Mwafrika anaielewa. Kanisa la All Saints likawafungulia mlango, wakahifadhiwa humo.

Sisi tunaoandika hapa tulikuwa watoto wa shule ya msingi siku hizo. Uhuru tunaoutumia katika ukurasa huu tuliukuta umekwisha kulipiwa. Swali letu leo ni moja: waliolipa, wao wamelipwa nini?

Katiba ya 2010 haikuwasahau. Inamtambua kuwa mzee kila aliyefikisha miaka 60. Kifungu cha 57 kinaiagiza Serikali ihakikishe kwamba mzee anashiriki kikamilifu katika mambo ya jamii, anajiendeleza, anaishi kwa heshima bila kudhulumiwa, na anapata matunzo kutoka kwa jamaa zake na kwa Serikali. Kifungu cha 21 kinamfunga kila mtumishi wa umma, kuanzia Ikulu hadi kwa naibu wa chifu, kushughulikia mahitaji ya wazee. Hiyo ni sheria kuu ya nchi, wala si sadaka ya mwanasiasa.

Sasa tutazame hali ilivyo. Mwaka 2018 mpango wa Inua Jamii ulipanuliwa ili umfikie kila mwenye umri wa miaka 70 na zaidi. Tuliushangilia, na tulikuwa na haki ya kuushangilia. Lakini kiwango kikawa shilingi 2,000 kwa mwezi, na mwaka 2025 kilikuwa kile kile, ingawa bei ya unga, mafuta ya taa na dawa haikumsubiri mtu. Gawanya kwa siku 30: ni shilingi 67 hivi kwa siku. Na hizo huja kwa kuchelewa, mara nyingine miezi kadhaa. Waliotimiza miaka 70 baada ya uandikishaji wa 2017 walikaa miaka mingi nje ya orodha. Na mwenye miaka 60 hadi 69, ambaye Katiba inamwita mzee, mpango huu haumjui.

Tumewaona kwa macho yetu akina kukhu na kuka waliopanda boda boda kutoka vijijini, wakapanga foleni tangu alfajiri, kisha mashine ikakataa alama za vidole vyao. Vidole vilivyochakaa kwa kushika jembe miaka hamsini, vikilisha taifa, ndivyo vinavyoambiwa havitambuliki! Mzee mmoja alituuliza, "Wanangu, nikate mkono niwaletee?" Hatukuwa na jibu.

Upande wa afya, bima mpya ya jamii iliyoanza Oktoba 2024 inadai mchango usiopungua shilingi 300 kwa mwezi, yaani 3,600 kwa mwaka. Kwa anayetegemea pesa za wazee, hayo ni karibu malipo yake ya miezi miwili. Sheria yenyewe inaruhusu Serikali kumlipia asiyejiweza. Basi kwa nini mzee ambaye Serikali imekwisha kumwandikisha kwa msaada wa fedha asiingizwe moja kwa moja katika orodha hiyo?

Kuhusu usalama, tuseme yale yanayosemwa kwa kunong'ona. Mwezi Mei 2008 huko Kisii watu 11, wengi wao wazee, walichomwa moto kwa kudhaniwa wachawi. Oktoba 2021, huko Marani, katika kaunti ile ile, wanawake wazee wanne waliuawa kwa tuhuma hiyo hiyo. Tusinyooshe kidole kwa Wakisii huku tukijisahau. Nyuma ya neno "mchawi" mara nyingi pamefichwa shamba. Hapa kwetu, mjane anaamka na kukuta wapimaji katika mahindi yake kwa kuwa mwanawe amekwisha kuuza ekari mbili, na marehemu hata mwaka hajamaliza kaburini. Tunawaambia wajane: Sheria ya Urithi, kifungu cha 45, inamkataza mtu yeyote kugusa mali ya marehemu bila idhini ya mahakama, na kuvunja sharti hilo ni kosa la jinai. Na mnunuzi anayejua hivyo ni mshiriki wa dhuluma, hata akiwa mzee wa kanisa.

Wako watakaosema kwamba Serikali haina fedha. Tunawajibu kwa sheria. Kifungu cha 20 cha Katiba kinaitwika Serikali yenyewe mzigo wa kuthibitisha kwamba haina uwezo. Mzee hana wajibu wa kuthibitisha kwamba ana njaa. Tena sheria ya mwaka 2003 inampa rais mstaafu pensheni ya asilimia 80 ya mshahara wake wa mwisho, mbali na magari, walinzi na matibabu. Hatumwonei mtu wivu. Tunauliza tu: mkulima wa Kamukuywa alistaafu kutoka nchi gani?

Wengine watasema mzee ni wa jamaa zake, si wa Serikali. Katiba imewataja wote wawili, na hakuna anayeruhusiwa kujificha nyuma ya mwenzake. Lakini hapa sisi wenyewe tuna hatia. Tunachanga maelfu, tunanunua jeneza la kung'aa, tunakodi mahema na vipaza sauti, tunachinja ng'ombe, tunamlilia mzee ambaye hatukumnunulia dawa ya presha. Amri ya kuwaheshimu baba na mama, ambayo Wakatoliki huihesabu ya nne na Waprotestanti ya tano, haikusema tungoje mpaka wafe.

Kwa hiyo tunadai mambo manne. Kwanza, malipo ya wazee yaongezwe kulingana na bei za vitu, yafike kwa tarehe inayojulikana, na yaanzie miaka 60. Pili, asinyimwe mzee yeyote haki yake kwa sababu ya alama za vidole. Kitambulisho na ushahidi wa majirani vitoshe. Tatu, Serikali iwalipie wazee wasiojiweza bima ya afya, na kaunti ihakikishe dawa za presha na kisukari zinapatikana katika zahanati za vijijini. Nne, machifu na polisi wapokee malalamiko ya wajane bila kuwarudisha "mkasuluhishe nyumbani", kwani nyumbani ndiko dhuluma ilikotoka.

Ninyi wanajumuiya na wanaharakati, msingoje Nairobi. Kila jumuiya iandike orodha ya wazee wake: nani hajaandikishwa, nani hajalipwa, nani anatishwa kwa ajili ya shamba. Orodha hiyo isomwe katika baraza la chifu, ipelekwe kwa mwakilishi wa wadi, na ikipuuzwa ifikishwe mahakamani. Kifungu cha 22 kinamruhusu mtu kushtaki kwa niaba ya mwingine asiyeweza kujitetea, na sisi mawakili tusijifanye hatukukisoma.

Wazee walitupokeza nchi yenye vyama vingi. Aibu yetu itakuwa kubwa iwapo, kati ya vyama vyote hivyo, hakitapatikana hata kimoja cha kuwatetea.