Umeme Ukirudi, Usiwe na Haraka



Siku hizi kompyuta imefika hata vijijini kwetu. Ipo katika ofisi ya shule, katika zahanati, katika chama cha ushirika. Basi juma hili tuseme juu ya jambo linalowapata wengi: umeme kukatika ghafula, kazi ikiwa katikati.

Karani mmoja wa ushirika alikuwa akipokea kahawa. Mpimaji alimpa kila mkulima kipande cha karatasi chenye kilo zake, naye karani akaziandika moja kwa moja katika kompyuta. Tangu adhuhuri hakuhifadhi hata mara moja. Jioni, giza! Umeme uliporudi, akaiwasha mashine, nayo ikaonyesha maneno ya Kiingereza na tarakimu zinazopanda. Akadhani imeharibika; akaizima kwa nguvu, akaiwasha, akaizima tena. Mara ya tatu haikuwaka. Kesho yake wakulima wakasema, "Karani amekula kilo zetu!" Je, alizila? La. Hakujua tu jinsi mashine inavyokumbuka.

Kompyuta ina kumbukumbu za namna mbili. Ya kwanza ni kama ubao wa darasani: kazi unayoifanya sasa imo humo, na umeme ukikatika hufutika yote. Ya pili ni diski, nayo ni kama daftari: yaliyoandikwa humo hubaki hata bila umeme. Kuhifadhi maana yake ni kunakili toka ubaoni hadi daftarini. Lakini umeme ukikatika mashine ikiwa inaandika daftarini, ukurasa huweza kubaki nusu. Ndiyo sababu ikiwashwa huenda ikajikagua kwanza. Yale aliyoyaona karani yalikuwa ukaguzi huo, naye akaukatiza.

Basi, msomaji, yakikupata wewe, fanya hivi:

Kwanza, chomoa waya ukutani. Umeme unaporudi huweza kuja kwa nguvu kupita kiasi, au kuja na kutoweka tena. Ngoja kama robo saa mpaka utulie.

Pili, iwashe. Ukiona inajikagua, iache imalize, hata kama itachukua muda mrefu.

Tatu, fungua programu uliyokuwa ukiitumia. Word na Excel hujiwekea akiba ya kazi yako, kwa kawaida kila dakika 10. Wakikuonyesha akiba hiyo, ihifadhi kwa jina jipya, kisha uilinganishe na karatasi zako.

Nne, tazama saa na tarehe. Betri ndogo ya ndani ikichoka, tarehe huweza kurudi nyuma, na hesabu zako zikaandikwa siku isiyo yake.

Tano, ikikataa kuwaka, usiibonyeze ovyo. Ikikuuliza kama ifomati diski, usikubali kamwe. Mwite fundi, umwambie atoe kwanza nakala ya yaliyomo, ndipo aitengeneze.

Lakini kinga ni bora kuliko tiba. Hifadhi kila baada ya majina machache. Ofisi ikiweza, inunue sanduku la betri liitwalo UPS. Hilo halitakufanyisha kazi usiku kucha. Hukupa dakika chache tu za kuhifadhi na kuzima vizuri. Tena kila jioni weka nakala kwenye flashi, uichomoe, uitunze mahali pengine.

Na yule karani? Aliokolewa na vile vipande vya karatasi. Wakulima walivileta kimoja kimoja, majina yakaandikwa upya kwa siku mbili. Mama mmoja tu alikuwa amekipoteza chake. Kilo zake hazijulikani mpaka leo.

Basi, akina baba na akina mama, mkipewa karatasi ya namna hiyo, itunzeni hata kama mnaambiwa kwamba yote yamo katika mashine. Nanyi makarani, kumbukeni kwamba kila jina mnaloliandika ni jasho la mtu.

Kwaherini mpaka juma lijalo.